Kiuno cha Bwana Harusi

Kama umefika mahali ambapo huwezi kuvaa suruali ukiwa umesimama, na asubuhi kabla hujageuka kitandani inabidi kwanza ufikirie utaanza na upande gani, basi haya nimeyaandika kwa ajili yako. Mimi si daktari. Ni afisa ugani, na watu wa Mbwawa hapa Kibaha wananiita Bwana Shamba, hata wale ambao hawana shamba. Najua mikorosho, najua mananasi, najua magonjwa ya kuku. Kuhusu nyonga najua moja tu, ya kwangu ya kulia, na nimejifunza habari zake kwa miezi tisa. Sasa naweza kukaa na kuandika bila kunyanyuka kila baada ya mistari mitatu, na jambo hilo peke yake linanifurahisha kuliko ninavyoweza kueleza.

Nianze na harusi, kwa sababu kila aliyenisema alianzia hapo.

Nilikuwa mgane kwa miaka mitano. Watoto wamekua, kila mmoja yuko kwake. Zaituni ni fundi cherehani, mjane, kwao Kondoa, lakini ameishi Mbwawa miaka mingi. Tulijuana kwa sababu nilikuwa nampelekea suruali zangu azipunguze kiunoni, na mwaka ule nilimpelekea suruali nyingi kuliko zilizohitaji kupunguzwa. Tulifunga ndoa mwezi wa pili. Sherehe ilikuwa ndogo, watu wakala pilau, wakatuombea dua, jioni tukahamishia vitu vyake kwangu.

Baada ya wiki mbili hivi nikaamka siwezi kugeuka.

Haukuwa mgongo, na haukuwa mguu. Ilikuwa chini ya mkanda, upande wa kulia, pale kwenye kifupa ambacho ukipapasa kwa kidole gumba unakigusa. Nikikaa, nilikalia upande mmoja kama mtu anayesubiri kuitwa. Nikisimama kutoka kwenye kiti, maumivu yalikata kalio yakashuka nyuma ya paja, kisha yakaniacha nimeinama katikati ya sebule, nikitafuta njia ya kuwa mtu mrefu tena. Pikipiki ya kazini niliiangalia tu. Kurusha mguu kuipanda lilikuwa jambo la watu wengine.

Sasa fikiria. Mwanamume wa miaka hamsini na sita ameoa, na kabla mwezi haujaisha anapita barabarani ameshika kiuno. Mbwawa yote ilifurahi.

"Bwana Shamba, pole sana," aliniambia mzee mmoja pale tunapokunywa kahawa. "Umelima ekari ngapi?"

"Msimlaumu," mwenzake akadakia. "Trekta lenyewe la zamani."

Nilicheka nao. Wiki ya kwanza nilicheka kweli, ya pili nilicheka kwa adabu, ya tatu nikaacha kwenda. Lakini aliyepata taabu zaidi ni Zaituni. Kibandani kwake wanawake walikuja na vitambaa, na kabla ya kuvifungua walimwambia amhurumie mzee wa watu. Naye alicheka mwanzoni. Baadaye nikaona anafunga kibanda mapema na kurudi kwa njia ya nyuma, ile inayopita kwenye mihogo.

Nyumbani tulikuwa bado tunaoneana haya. Alikuwa hajazoea hata kuniita kwa jina, aliniita Bwana Shamba kama watu wengine. Na mke huyo wa wiki tatu ndiye aliyepiga magoti kila asubuhi mbele yangu, ameshika suruali wazi kwa mikono miwili.

"Inua wa kushoto," aliniambia. "Haya, sasa wa kulia."

"Wa kulia hauinuki."

"Basi tutaufuata huko huko chini uliko."

Nakumbuka aibu niliyoisikia asubuhi ya kwanza. Nakumbuka pia kwamba asubuhi ya nne nilikuwa naisubiri saa hiyo, kwa sababu hapo ndipo tulipokuwa tunazungumza.

Nilianza na zahanati. Wakapima mkojo, wakasema huenda ni figo, nikapewa vidonge. Nikarudi, nikachomwa sindano ya maumivu, nikapata siku mbili nzuri. Nikaenda kwingine kupiga picha ya mgongo, nikaambiwa mifupa ni ya umri wangu. Nilijua umri wangu kabla ya kupigwa picha. Siwalaumu, walifanya walichoweza na foleni ilikuwa ndefu.

Kwenye foleni hizo sikuweza kukaa kwenye mabenchi, kwa hiyo nilisimama nimeegemea ukuta karibu na mlango, faili mkononi. Kwa kuwa nilivaa shati la kazini lenye mfuko wa kalamu, watu wakadhani mimi ni mhudumu. Waliniuliza chumba cha damu, chumba cha macho, choo. Siku ya tatu nilikuwa nayajua yote, nikawa nawaelekeza. Bibi mmoja aliniletea karatasi ya vidonge.

"Daktari mwanangu, hivi nivinywe kabla ya chakula?"

"Bibi, shikamoo. Na mimi ni mgonjwa."

"Marahaba. Sasa mbona hukusema, umesimama kama mkaguzi?"

Akaniombea dua ndefu, watu wote kwenye benchi wakaitikia. Nilirudi nyumbani bila nafuu lakini nimechangamka.

Masika yalipoanza ndipo alipokuja dada yangu. Dada Tatu ndiye mkubwa wetu, anaishi Kibuta, Kisarawe, kwenye shamba tulilozaliwa. Mama yetu alifariki nikiwa mdogo, na Dada Tatu ndiye aliyenilea. Alipoingia aliniangalia nilivyokaa, akamwangalia Zaituni, akakataa chai.

"Mwili wake haukuwa hivi kabla ya ndoa," alisema.

Hakumsema mtu kwa jina. Alisema tu kwamba atanichukua nikachuliwe kwa siku chache, na kwamba Zaituni abaki apumzike. Neno kupumzika alilitamka kwa namna ambayo Zaituni aliangalia chini. Mimi nilikuwa nimekaa katikati yao. Nilipaswa kusema kitu, na sikusema. Nimewasimulia watu wengi habari za ugonjwa huu, lakini hapo huwa naparuka. Leo siparuki. Mke wangu alisingiziwa mbele yangu, nami nikajifanya nashughulika na mto wa kiti.

Siku chache zikawa wiki tatu. Kule Kibuta nilihudumiwa kama mfalme. Mzee mmoja alinichua kila jioni kwa mafuta ya nazi ya moto, na mikono yake ilikuwa mizuri, nililala vizuri. Asubuhi kiuno kilikuwa kigumu zaidi, kwa sababu mchana kutwa nilikuwa nimelala chali nasikiliza mvua. Dada alinikataza hata kutembea hadi kwenye minanasi. Zaituni alipiga simu kila siku, halafu siku moja moja, halafu akawa anatuma ujumbe tu: "Umeamkaje?" Nilimjibu: "Salama." Ndoa yenyewe ilikuwa imebaki maneno hayo mawili.

Kisha asubuhi moja ya Jumatatu, mvua imekatika kidogo, nikamwona anaingia uani. Viatu ameshika mkononi, miguu imejaa tope mpaka magotini, na kanga ameifunga kiunoni kikazi. Alikuwa amepita njia ndefu, Kibaha mpaka Dar, Dar mpaka Kisarawe, kisha huko ndani.

"Shikamoo, dada," alisema.

"Marahaba," Dada Tatu akajibu. "Karibu. Hukusema unakuja."

"Sikusema kwa sababu ungenikataza." Akatoa karatasi iliyokunjwa kwenye mfuko wa nailoni. "Kuna dada mmoja namshonea sare, anafanya kazi hospitali kule Kibaha. Nimemweleza anavyoumwa Bwana Shamba, akasema huyu aonwe na watu wa fiziotherapia, wale wa mazoezi ya viungo. Miadi ni kesho saa tatu. Nimekuja kumchukua mgonjwa wangu."

"Mgonjwa wako."

"Wangu, dada. Nipe mpaka mwisho wa kiangazi. Asipopona nitakurudishia mwenyewe, na mimi nitarudi kwetu Kondoa, na hutasikia neno langu tena."

Hakupandisha sauti. Dada Tatu alinigeukia mimi, na kwa mara ya kwanza tangu niumwe nikafanya kitu cha maana. Nilijivuta kutoka kitandani, nikashika mwimo wa mlango, nikasema, "Dada, naenda na mke wangu."

Alifunga kanga yake upya. Halafu akasema, "Basi na mimi nakuja. Nataka nisikie kwa masikio yangu."

Kesho yake alfajiri tukapata gari la jirani. Nililazwa kwa ubavu kwenye kiti cha nyuma, kichwa juu ya mapaja ya dada, miguu juu ya mapaja ya mke, na kwa safari nzima walizungumza kupitia mimi.

"Mwambie mkeo afungue kioo kidogo."

"Mwambie dada kimeharibika."

Nilikuwa nawasilisha. Tulipofika barabara ya lami nilianza kucheka, na maumivu yakanikata, na nikazidi kucheka, mpaka dereva akauliza kama asimame.

Aliyenipokea hospitali anaitwa Neema, binti ambaye nilimkadiria umri wa mwanangu wa mwisho. Chumba chake kilikuwa na kitanda, mpira mkubwa wa kijani na mkeka. Dada Tatu na Zaituni walikaa kwenye viti viwili ukutani. Neema aliniuliza kwanza kama miguu inakufa ganzi, kama napata shida kuzuia haja, kama nina homa au nimepungua uzito. Alisema jibu likiwa ndiyo kwa lolote kati ya hayo, mtu asingoje mazoezi, amwone daktari siku hiyo hiyo. Yote kwangu yalikuwa hapana. Ndipo akanisimamisha kwa mguu mmoja, akanilaza, akakunja goti langu, akalisukuma huku na huku, akabonyeza mfupa wa nyonga kwa mikono miwili. Mwisho akaweka kidole gumba mahali pale.

"Hapo hapo," nikasema, na sauti yangu ikabadilika. Machozi yalinitoka. Yalikuwa ya kusikia kwamba mtu mwingine duniani amepaona mahali pangu.

Alinieleza kwa maneno machache. Mgongo wangu ni mzima. Kinachouma ni kiungo kinachounganisha mfupa wa nyonga na sehemu ya chini kabisa ya uti wa mgongo. Kimeshtuliwa, na misuli inayokishikilia imelegea kwa kulala sana.

"Kabla hakijaanza kuuma," akauliza, "uliteleza? Ulianguka? Ulikanyaga vibaya?"

"Hapana," nikasema.

"Shimo," akasema Zaituni.

Sote tukamgeukia.

"Siku ile tunahamisha vitu," aliendelea, taratibu, kama anayechomoa uzi. "Wewe na binamu yangu mlibeba cherehani yangu. Ulishuka kibarazani kinyumenyume, mguu wa kulia ukaingia kwenye shimo la nguzo ya uzio. Ulicheka. Ulisema hujaumia, ila meno yamegongana."

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimesahau kabisa. Ile cherehani ina miguu ya chuma, nzito kama ng'ombe, na nilitua kwa mguu mmoja nikiwa nimeishika.

"Ndiyo namna yake," Neema akasema. "Kinaweza kuchukua siku kadhaa ndipo kiseme."

Dada Tatu akakohoa. "Daktari, samahani. Mimi ni mtu mzima, nitauliza. Kwa hiyo siyo ndoa?"

Binti yule hakutabasamu. Nilimwona akipambana na mdomo wake, na akashinda. "Hapana, bibi. Ndoa haina kosa. Iendelee tu, ila kwa utaratibu."

Tulipotokea koridoni Dada Tatu alishika ukuta. Nilidhani anajisikia vibaya. Alikuwa anacheka, mabega yanatikisika, kanga ameibana mdomoni. Zaituni akaanza, kisha mimi. Watu waliokuwa wanasubiri wakatuangalia kama watu waliopewa habari njema, na kweli tulikuwa tumepewa. Dada hakuomba msamaha, si mtu wa hivyo. Alichofanya ni kuchukua ule mfuko wa nailoni wa Zaituni na kuubeba mwenyewe mpaka kwenye gari. Siku hiyo alilala kwetu, na chai alikunywa vikombe vitatu.

Matibabu yenyewe hayana maajabu, na hilo ndilo jambo ninalotaka ulisikie. Kila Jumanne nilikwenda kwa Neema, na kila siku nyumbani mara mbili nilitandika mkeka. Kulala chali, magoti juu, kuinua nyonga na kuhesabu mpaka kumi. Kubana mto katikati ya magoti. Kulala ubavu na kufungua goti la juu kama mlango. Kutembea, mwanzoni mpaka kwa jirani, halafu mpaka kwenye mwembe wa tatu, halafu mpaka bondeni kwenye bustani za mboga. Nilipewa masharti pia. Kulala na mto kati ya miguu. Kuingia garini kwa kutanguliza makalio, kisha miguu yote miwili pamoja kama bibi harusi. Kutoweka pochi mfuko wa nyuma. Kutobeba kitu huku najipinda.

Siku za kwanza nilijisikia mjinga. Mtu aliyezoea kuelekeza wakulima, amelala sakafuni anainua makalio huku mkewe anahesabu. Zaituni alihesabu kama anayepima kitambaa, bila huruma. Nikiruka kutoka nane kwenda kumi ananirudisha sita. Nilipewa pia mkanda wa kufunga nyonga, ukawa unapanda na kunikwaruza. Akauchunguza siku mbili, akaufumua, akanishonea mwingine kwa kitambaa cha magunia ya unga kilichowekwa pamba ndani, wenye vifungo viwili pembeni. Neema alipouona aliugeuza nje na ndani, akaomba amshonee mgonjwa mwingine. Mpaka leo kibandani kwake kuna kazi hiyo, na wanawake wale waliomwambia anihurumie ndio wanaokuja kupimwa viuno.

Sikupona kwa mstari ulionyooka. Wiki ya sita nilijiona mzima, nikapanda pikipiki kwenda kumwona mkulima upande wa Ruvu. Njia ilikuwa imeharibiwa na mvua. Nikarudi nimebebwa kwenye bajaji, na kesho yake suruali nikavalishwa tena. Hapo niliogopa kuliko mwanzo, kwa sababu mwanzo sikujua kuna kupona. Nilikaa kitandani nikamwambia Zaituni kwamba kiangazi kikiisha nikiwa hivi, sitamshikilia kwa ahadi aliyoitoa kwa dada yangu.

Aliendelea kukunja nguo. "Ile ilikuwa maneno ya kukutoa Kibuta," alisema. "Ulifikiri nitaacha nyumba yenye kibaraza kizuri namna hii?"

Halafu akaja akakaa karibu yangu, akaniita kwa jina, Athumani, kwa mara ya kwanza. Sina hakika alisema nini baada ya hapo, maana nilikuwa nasikiliza jina.

Neema naye aliniambia kwamba kurudi nyuma si kurudi mwanzo, na alikuwa sahihi. Mara hii ilichukua siku tisa tu. Mikorosho ilipotoa maua nilikuwa natembea saa nzima. Msikitini nilikuwa naswali kwenye kiti cha plastiki mwisho wa safu, na Ijumaa moja nikakisogeza pembeni nikajaribu. Nilisujudu, nikainuka, nikakaa, nikasujudu tena. Aliyekuwa kando yangu ni yule mzee wa ekari ngapi. Tulipotoa salamu alinishika mkono akaushikilia muda mrefu, bila kusema utani wowote.

Bado nina siku mbaya. Baridi ikiingia au nikikaa mkutanoni muda mrefu, kiungo kinanikumbusha, nami nanyanyuka natembea bila kuomba radhi. Mkeka sijauacha.

Mwezi uliopita, msimu wa mananasi, tulikwenda Kibuta. Dada Tatu alikuwa amempigia simu Zaituni, si mimi, na walizungumza kwa siri kwa siku tatu. Nilipofika nilipitiliza shambani kuangalia minanasi, nikazunguka mistari yote, nikainama na kuinuka mara nisizozihesabu. Niliporudi nikasikia vicheko uani. Nikachungulia kwenye kona ya nyumba. Walikuwa wamelala chali kwenye mkeka, wifi na wifi, magoti juu, na dada yangu wa miaka sitini na nane ameinua nyonga hewani, anatetemeka.

"Saba," Zaituni alikuwa anasema. "Nane. Dada, usiruke. Rudi sita."

Dada Tatu akageuza kichwa akaniona.

"Athumani," alisema, pumzi zikimwishia, "hapa pana wanawake. Zungukia nyuma."

Nyuma ya nyumba ile ni mbali, kuna kisima, zizi la mbuzi na mteremko wa mawe. Nilizunguka kote, polepole, nikiwasikia wakihesabu upya kutoka sita.